Binti Nani? Jina la Baba kutoka Gharnata hadi Bungoma

Mwezi wa Shaabani uliopita nilialikwa Bungoma kufungisha ndoa. Bwana harusi ni kijana wa kwetu Pwani anayefanya biashara ya nafaka Kitale. Bibi harusi ni Mbukusu aliyesilimu miaka miwili kabla, akajichagulia jina la Khadija. Nilipouliza jina la baba yake nipate kuliandika, shangazi wa bwana harusi alinitangulia: “Andika binti Abdallah, Sheikh.”

Baba mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu, kofia yake i magotini. Kwa kumsitiri nitamwita Wekesa. Hakusema neno, aliitazama kalamu yangu tu. Mzee huyu alimruhusu mwanawe kusilimu, akatoa ng'ombe wa karamu, na akataka achinjwe na mmoja wetu ili sote tule bila shaka moyoni.

Shangazi hakuwa na nia mbaya. Pwani tangu zama za utumwa, mtu wa bara akisilimu aghalabu alipewa Abdallah awe ndiye babake. Lakini desturi si sharia. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Zayd, aliyelelewa na Mtume (S.A.W.) hata akaitwa Zayd bin Muhammad, alirejeshewa jina la mzazi wake, Haritha. Ikrima naye aliposilimu alibaki kuwa mwana wa Abu Jahl, na sote twajua Abu Jahl alikuwa nani. Na Mama yetu Khadija (R.A.), ambaye bibi harusi alichukua jina lake, ni binti Khuwaylid, mtu asiyeudiriki Uislamu. Ni kweli kwamba baba asiye Mwislamu hawi walii katika akdi, na kazi hiyo humwendea kadhi. Uwalii humwondokea, ubaba haumwondokei. Ndugu zake Khadija wa kuzaliwa naye wangali maharimu zake, na kuunga udugu nao kungali wajibu wake.

Wengine husema majina haya ni ya kikafiri. Tuyatazame. Wekesa ni mvulana aliyezaliwa wakati wa mavuno, na dada yake ni Nekesa. Wafula na Nafula ni wa mvua, Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi, Wanjala na Nanjala wa njaa, Wasike na Nasike wa nzige. Ni kalenda ya mkulima iliyoandikwa juu ya watoto wake. Mtume (S.A.W.) alibadilisha majina yenye maana mbaya, mwanamke aliyeitwa kwa neno la kuasi alimwita Jamila. (Si Asiya, jina la mke wa Firauni, hilo kwa Kiarabu lina herufi nyingine, na kina Asiya wetu watulie.) Mavuno yana ubaya gani? Tambiko la kuwaomba wafu pale mtoto anapopewa jina, hilo tuliache. Jina la babu aliyekwisha kuitwa si tambiko.

Uchungu wa kufutiwa jina sisi Waislamu tunaujua. Gharnata, ngome yetu ya mwisho Andalusi, ilianguka mwaka 1492. Waliobaki walibatizwa kwa nguvu, na mwaka 1567 amri ya Mfalme Felipe II ikaharamisha lugha ya Kiarabu, mavazi yao, na hata majina yao. Mwaka uliofuata waliasi katika milima ya Alpujarras. Kiongozi wao, aliyejulikana kwa jina la Fernando de Válor, jambo lake la mwanzo lilikuwa kujiita Muhammad bin Umayya. Walishindwa, na kati ya 1609 na 1614 wazao wao walifukuzwa nchini. Hata hivyo ukoo wa Medina ungaliko Uhispania hadi leo, nalo ni neno letu madina, mji. Alcántara ni al-qantara, daraja. Alcalá ni al-qal'a, ngome. Si kwamba kila Medina ana babu Mwislamu, kwani mengi ni majina ya miji walikotoka watu. Ila mfalme hakuweza kuyang'oa.

Na jambo moja linanishangaza. Huko Uhispania mwanamke akiolewa habadilishi jina lake la ukoo, na mtoto kwa desturi hupewa la baba na la mama pamoja. Mabinti zetu wa Kiislamu, wenye aya mikononi, hupanga foleni ya kitambulisho kipya ili waandikwe jina la mume. Talaka ikija, hupanga foleni tena.

Nilimwambia shangazi haya kwa ufupi na kwa adabu, kwani ni mkubwa wangu. Alinyamaza, kisha akasema, “Basi muulize mwenyewe.” Nikamgeukia mzee. Alilitaja jina lake, akaongeza la baba yake, kisha la babu yake, polepole, akisubiri kalamu imfikie. Nafasi ya cheti haikutosha, nikaendelea ukingoni.