Kumbukumbu Inayoulizwa Kinyume

Tarehe 12 Agosti 2014 mtandao wa intaneti ulisuasua sehemu nyingi za dunia. Orodha ya njia ambazo ruta kubwa, yaani mitambo inayoelekeza data, hupashana ilivuka 512,000 kwa muda, na ruta nyingi za zamani zilikuwa zimetengewa nafasi kiasi hicho tu ndani ya chipu maalumu. Mafundi walilazimika kugawa upya nafasi ya chipu hiyo na kuwasha mitambo upya.

Kwa nini wasiongeze kumbukumbu tu? Kwa sababu hiyo si kumbukumbu ya kawaida. Katika ile ya kawaida, prosesa hutaja anwani, ikapewa kilichomo. Hii huulizwa kinyume: hupewa kile kinachotafutwa, nayo hujibu kilipo. Ni kama mwalimu anayeliuliza darasa zima "Asha ni nani?" badala ya kupita dawati kwa dawati. Kila safu ya kumbukumbu hii ina saketi yake ya kulinganisha, na zote hulinganisha kwa wakati mmoja.

Kasi hiyo hulipiwa. Seli ya kawaida ya SRAM, aina ya kumbukumbu inayoulizwa kwa anwani, ina transista 6. Seli ya chipu ya ruta, ambayo pamoja na 0 na 1 hukubali pia "yoyote ile", kwa kawaida huwa na 16. Tena kila swali huamsha safu zote, hata zisizo na jibu, kwa hiyo umeme mwingi huishia kuwa joto. Hapo ndipo ndoto ya kompyuta nzima yenye kumbukumbu ya aina hii hukwama, na sioni ikikwamuka karibuni: programu iliyopangwa vizuri hutafuta haraka vya kutosha ndani ya kumbukumbu ya bei nafuu.

Lakini kumbukumbu hii inayoulizwa kinyume, ikiwa ndogo, haina mpinzani. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, ilikuwa na rejista 32 za namna hii za kutambua kurasa, yaani vipande vya data, zilizomo kwenye kumbukumbu kuu. Prosesa nyingi za leo bado hufanya kazi hiyohiyo kwa jedwali dogo la aina hiyo.

Kinachonipa matumaini ni seli mpya. Watafiti wameshaonyesha seli yenye transista 2 tu, zilizotengenezwa kwa maada ya feroelektriki, inayofanya kazi ya zile 16 na kuhifadhi data hata umeme ukikatika. Swali lililobaki ni la uimara: transista hizo huchakaa zikiandikwa tena na tena, na orodha ya njia za intaneti hubadilika mchana na usiku. Kwa hiyo naona zitaanzia kwenye mashine zinazotambua picha au sauti, ambako mifano huandikwa mara chache na kuulizwa mara nyingi mno.