Kutoka Kinywe Hadi Grafini (Sehemu ya Pili): Utando Umelala Juu ya Nini?

Msomaji wetu wa Mikumi ameuliza swali zuri: kama grafini inapitisha umeme vizuri kuliko shaba, mbona treni ya SGR inayopita Kilosa bado inachota volti 25,000 kwenye waya wa shaba?

Jibu la kwanza ni fupi. Grafini, tulisema wiki iliyopita, ni utando mmoja wa atomi za kaboni uliobanduliwa kwenye kinywe, madini yale yale yanayopatikana Mahenge. Unene wake haufiki hata nusu nanomita. Nani atautundika juu ya reli?

Jibu la pili ndilo lenye utamu. Utando mwembamba hivyo lazima ulale juu ya kitu, na kitu hicho hakikai kimya. Andre Geim na Konstantin Novoselov, walioubandua kwa utepe wa gundi huko Manchester na kutangaza matokeo mwaka 2004 (Nobel wakaipata 2010), waliulaza juu ya silika. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika chembe ng'avu za mchanga wa Mto Mkondoa pale Kilosa. Silika ina uso wenye vilima na mabonde, nao utando huvifuata. Ndani ya silika zimenasa chaji zinazozipotosha elektroni njia. Tena ikipata joto, atomi zake hutetemeka, na msukosuko wa umeme unaotokana na mtetemo huo hufika hadi kwenye grafini. Elektroni hapo ni kama basi la Iringa likikatiza Hifadhi ya Mikumi: injini nzima, lami safi, lakini matuta hayaliachii.

Ushahidi upo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliichimbua silika chini ya utando ukabaki unaning'inia. Katika baridi kali, wepesi wa elektroni, yaani jinsi zinavyokimbia zikisukumwa na umeme, ulipita sentimita za mraba 200,000 kwa volti-sekunde. Juu ya silika kwa kawaida ni kama 10,000. Mwaka huo huo kundi la Michael Fuhrer, Maryland, lilionyesha kuwa katika joto la kawaida mitetemo ya grafini yenyewe huchangia ukinzani wa omu 30 hivi tu kwa kila mraba. Uliobaki hutoka nje yake.

Kuning'iniza hakufai kiwandani, utando huchanika. Dawa iliyopatikana mwaka 2010 ni kuulaza juu ya boroni nitridi, iliyo laini na yenye chaji chache.

Basi mfanyabiashara akikuletea kifaa cha grafini na kudai kinaishinda shaba, mwulize kwanza: umeilaza juu ya nini?