Kusoma Mwendo wa Moyo: Kazi ya Wauguzi na Msamiati Wake, kwa Kutazama Nyangwe na Kasongo

Katika Kiswahili cha hospitali neno "mapigo" limebebeshwa mizigo miwili. Hutumika kwa kasi ya moyo, yaani idadi ya mapigo katika dakika moja, na hutumika pia kwa mwendo wake, yaani jinsi mapigo hayo yanavyofuatana. Muuguzi anayearifu kwamba "mapigo ya mgonjwa ni mabaya" hajasema bado jambo ambalo daktari aweza kulitendea kazi. Moyo upigao mara 130 kwa dakika, kwa mfuatano ulio sawasawa, waweza kuwa moyo mzima wa mtu mwenye homa. Moyo upigao mara 80, idadi ya kawaida kabisa, waweza kuwa umepotewa na utaratibu wake wote. Makala haya yanaeleza jinsi wauguzi wanavyousoma mwendo wa moyo katika mchoro wa elektrokadiogramu, na jinsi unavyoweza kusomwa pale pasipo na mashine. Aidha, yanatazama maneno yafaayo kuubeba usomaji huo katika Kiswahili cha Maniema ya kusini, kuanzia Nyangwe hadi Kasongo na Kabambare.

Mashine ya elektrokadiogramu haichori moyo wenyewe, wala haipimi nguvu ya damu. Huandika umeme mdogo ambao hutangulia kila kukaza kwa misuli ya moyo. Umeme huo kwa kawaida huanzia juu ya chumba cha juu cha kulia, huenea katika vyumba viwili vya juu, hukawia kidogo katika kifundo kilicho mpakani, kisha hushuka kwa haraka katika vyumba viwili vya chini, ambavyo ndivyo visukumavyo damu mapafuni na mwilini. Katika karatasi safari hiyo huonekana kama kilima kidogo kiitwacho P, kisha mchongoko mrefu wa QRS, kisha kilima cha T ambacho ni alama ya vyumba vya chini kurudia utulivu. Herufi hizo zilitumiwa na Willem Einthoven, mwanafiziolojia wa Leiden, Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake juu ya mashine hiyo. Si vifupisho vya maneno yoyote, na kwa hiyo hazihitaji tafsiri. Hapa angalau mtunga istilahi amepumzishwa.

Karatasi yenyewe ni saa. Hupita chini ya kalamu kwa milimita 25 kila sekunde, hivyo mraba mdogo wa milimita moja ni sekunde 0.04, na mraba mkubwa wa milimita tano ni sekunde 0.20. Mwendo ukiwa sawa, muuguzi huhesabu miraba mikubwa iliyopo kati ya mchongoko mmoja na unaofuata, akagawanya 300 kwa idadi hiyo: miraba minne ni mapigo 75 kwa dakika, miraba miwili ni 150. Mwendo usipokuwa sawa njia hiyo hudanganya, kwa sababu kila nafasi ina urefu wake. Hapo huhesabiwa michongoko iliyomo katika miraba mikubwa 30, yaani sekunde sita, na jumla ikazidishwa kwa kumi.

Baada ya kasi huja maswali ya mwendo, na mpangilio wake una maana. Je, nafasi kati ya michongoko ni sawa? Wengi huweka ukingo wa karatasi nyingine juu ya mchoro, wakatia alama mbili za kalamu, kisha wakaisogeza karatasi hiyo mbele kuona kama alama zinaoana. Je, kila mchongoko umetanguliwa na P, na kila P imefuatwa na mchongoko? Je, muda kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS uko kati ya sekunde 0.12 na 0.20? Je, QRS ni nyembamba, chini ya miraba midogo mitatu, au imetanuka? Mchongoko mwembamba waonyesha kwamba umeme umeshuka kwa njia yake ya kawaida. Mpana hutia shaka kwamba umezaliwa huko huko chini, au kwamba njia moja imeziba. Lakini kuna swali linalotangulia yote hayo, nalo halimo katika karatasi: mgonjwa yu hali gani? Waya uliong'oka kifuani huchora mstari bapa kama wa maiti, na mtu anayetetemeka kwa homa huchora fujo inayofanana na ya moyo unaokufa. Kinyume chake pia hutokea: mchoro ukawa mzuri huku mshipa hausikiki, kwa kuwa umeme upo na msuli haujibu. Muuguzi anayeitazama karatasi kabla ya kumtazama mtu ameanza kusoma kitabu kwa ukurasa wa mwisho.

Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotoa jina. Nafasi zikiwa hazina mpango wowote, na mahali pa P pakiwa na mtetemo mdogo usio na umbo, huo ni mpapatiko wa vyumba vya juu. Mgonjwa aweza kuishi nao miaka mingi, ingawa damu inayotuama katika vyumba hivyo huweza kuganda na bonge likapanda ubongoni. Katika Afrika hali hii huwapata hata vijana, hasa wale ambao vali zao za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. P zikifuata hesabu yake na QRS hesabu yake, kama ngoma mbili za wapigaji wasiosikilizana, njia kati ya juu na chini imekatika kabisa. Na pasipokuwa na P wala QRS, ila mawimbi ya ovyo yanayopanda na kushuka, huo ni mpapatiko wa vyumba vya chini: moyo watikisika kama mbawa za kuku aliyechinjwa, hausukumi kitu, na mtu hufa baada ya dakika chache asipopigwa mshtuko wa umeme. Yafaa kuangalia kwamba kati ya ugonjwa wa miaka mingi na kifo cha sasa hivi, istilahi imetofautiana kwa neno moja tu, "juu" na "chini". Muuguzi anayefupisha na kusema "mpapatiko" peke yake amelitupa neno lenye uhai wa mgonjwa.

Kwamba kazi hii ni ya wauguzi si jambo la zamani sana. Mnamo 1962 daktari Hughes Day alifungua chumba maalumu cha wagonjwa wa moyo katika mji wa Kansas City, Marekani. Huko Philadelphia, katika muongo huo huo, daktari Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo waliwafundisha wauguzi kuutambua mwendo hatari na kutoa mshtuko wao wenyewe. Sababu ilikuwa ya saa tu: daktari huitwa, muuguzi yupo.

Maniema ya kusini iliifikia fikra iliyo jirani na hiyo kwa njia nyingine. Mradi wa Kasongo, ulioanza mwaka 1971 kwa ushirikiano na Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, ulijengwa juu ya vituo vya afya vilivyoongozwa na wauguzi, huku hospitali ikipokea wale waliowashinda. Muuguzi wa kituo alifuata maagizo yaliyoandikwa kwa hatua: uliza hili, tazama lile, ikiwa ndiyo fanya hivi, ikiwa siyo endelea. Mawazo ya mradi huo yaliingia katika mpango wa taifa wa zoni za afya wa miaka ya 1980. Anayeujua utaratibu huo wa maswali atauona usomaji wa elektrokadiogramu kuwa ndugu yake, ingawa karatasi ya miraba haikuwa miongoni mwa vyombo vya kituo.

Na pasipo karatasi? Vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono husoma mengi, ilimradi vikae dakika nzima. Kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hutoa kasi, na huuficha mwendo. Kijana ambaye mapigo yake huharakisha anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa ni mzima. Pigo moja linaloruka baada ya kadhaa yaliyo sawa ni jambo la kuandikwa na kufuatiliwa. Mapigo yasiyo na mpango hata kidogo yahitaji wauguzi wawili na saa moja: mmoja huweka stetoskopu penye ncha ya moyo, chini ya chuchu ya kushoto, mwingine hushika mkono, nao huanza na kumaliza pamoja. Moyo ukihesabiwa 110 na mkono 86, mapigo 24 hayakuwa na nguvu ya kufika. Upungufu huo ni dalili iliyo karibu sana na mpapatiko wa vyumba vya juu, na imepatikana bila umeme wala wino.

Ugumu unaobaki ni wa lugha. Kiswahili kilifika Nyangwe pamoja na wafanyabiashara wa pwani kabla ya Livingstone kuufikia mji huo mwaka 1871, nacho kikaenea kutoka huko na Kasongo kwa jina la Kingwana. Katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki wengi husema "roho" pale ambapo Kiswahili sanifu husema "moyo", na kitenzi "piga" vinywani mwa wengi husikika "pika". Mgonjwa asemaye kwamba roho yake inapika sana hazungumzii nafsi wala jiko. Ametaja dalili iliyo wazi kabisa. Muuguzi naye amesomeshwa kwa Kifaransa, lugha ambayo husema "kuumwa moyo" kwa maana ya kichefuchefu. Malalamiko yakivuka kutoka kwa mgonjwa hadi kwenye daftari, na kutoka daftari hadi kwenye foni ya zoni, yaweza kuanza kifuani yakaishia tumboni. Dawa ya hilo si kumsahihisha mgonjwa Kiswahili chake. Muuguzi na amwombe aweke mkono mahali penyewe, kisha auigize mwendo kwa kugonga meza kwa kidole. Kidole hakina lahaja.

Jambo hili lina uzito wa pekee Maniema ya kusini kwa sababu ya malale. Joseph Dutton, aliyekuwa miongoni mwa watafiti wa kwanza wa vijidudu vya ugonjwa huo katika damu ya binadamu, alifia Kasongo mwaka 1905 kwa homa ya kupe, akiwa katika safari ya utafiti. Malale yenyewe hugusa moyo, na fexinidazole, dawa ya kumeza iliyokubaliwa nchini Kongo mwishoni mwa 2018, huweza kurefusha kipindi cha QT, yaani muda kutoka mwanzo wa mchongoko hadi mwisho wa T. Kwinini nayo ina tabia hiyo. Kipindi hicho kikirefuka mno, hasa kwa mgonjwa aliyepoteza madini kwa kutapika na kuhara, moyo waweza kuingia katika mbio ambazo mawimbi yake hujisokota kama kamba, na mtu akazimia ghafula.

QT haipimwi kwa kidole. Kuzimia, lakini, huulizwa kwa lugha yoyote: je, umewahi kuanguka na kupotewa na fahamu? Je, yuko ndugu aliyekufa ghafula angali kijana? Ni dawa gani nyingine unazomeza? Kisha, katika foni, sentensi huwa fupi na kila neno lina kazi yake: kasi 110 moyoni, 86 mkononi, mwendo hauna mpango, hajazimia, anaongea, miguu imevimba tangu juma lililopita.