Je, Wajua? Anayemwambia Rais "sheria hairuhusu"

Je, wajua kwamba Nairobi mtu akikwambia "tulioana kwa AG" humuulizi zaidi? AG ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na usajili wa ndoa nchini Kenya uko chini ya ofisi yake. Wachumba hufika Sheria House, Harambee Avenue, wakaandikisha nia yao; taarifa hukaa wazi siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha hurudi na mashahidi wawili. Hakuna kamati ya harusi wala kadi za mchango. Ofisi hiyohiyo ndiyo huitetea serikali ikishtakiwa, kwa hiyo si ajabu maharusi na cheti chao wakapishana kwenye ngazi na wakili aliyekuja kuidai serikali mamilioni.

Wajua ofisi hii ilizaliwa kwa shida ya mfalme? Uingereza ya kale mahakama zilikuwa za mfalme mwenyewe, na mwenye mahakama hawezi kusimama mbele ya hakimu wake akadai haki. Akatafutiwa wa kumsemea. Kumbukumbu za 1243 zinamtaja Laurence del Brok, aliyelipwa kuendesha kesi za Mfalme. Cheo chenyewe kilipata jina karne ya 15, na wakoloni walipokuja Afrika Mashariki walikileta kikiwa kimekamilika.

Marekani nayo ilianza kwa ubahili. Sheria ya 1789 ilitaka tu mtu afaaye, aliyesomea sheria. Wa kwanza, Edmund Randolph, alilipwa dola 1,500 kwa mwaka, hakupewa ofisi wala karani, na ilibidi aendelee kupokea wateja binafsi ili maisha yaende. Wizara ya Sheria ilikuja 1870. Leo kila jimbo la huko lina Mwanasheria Mkuu wake, na katika majimbo 43 anachaguliwa kwa kura za wananchi, mabango na mikutano ya kampeni ikiwemo. Tennessee anateuliwa na majaji wa Mahakama Kuu kabisa ya jimbo. Huku kwetu rais ndiye humteua, na vituko vingi vinavyofuata vinaanzia hapo.

Je, wajua kuna kosa la kuwaza? Mwaka 1351, enzi za Mfalme Edward III, Waingereza waliandika kwamba kuwaza kifo cha mfalme ni uhaini. Maneno hayo yalisafiri baharini yakaingia katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 40, mfalme akiwa amegeuka Rais. Oktoba 1976 yalipata kazi. Wanasiasa wakubwa walikuwa wakizunguka nchini wakitaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asichukue madaraka moja kwa moja Mzee Jomo Kenyatta akifariki. Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu, hakubishana nao jukwaani. Alitoa tamko fupi: ni kosa la jinai kuwaza, kupanga au kukusudia kifo cha Rais, na adhabu yake ni kifo. Mikutano ikakoma. Kenyatta alifariki Agosti 22, 1978, na Moi akaapishwa bila vurugu. Sijui kama kuna mwanasheria mwingine wa kanda hii aliyeamua urithi wa nchi kwa aya moja.

Njonjo huyo, mwenye suti za mistari na ua kifuani, alikikalia kiti tangu 1963 hadi 1980, akaingia bungeni na uwaziri, akaanguka 1983 na kuchunguzwa na tume ya majaji, kisha akasamehewa na Moi Desemba 12, 1984. Alifariki Januari 2, 2022 akiwa na miaka 101. Mwili wake ulichomwa Kariokor siku hiyohiyo, kabla waombolezaji hawajajipanga.

Silaha ya uhaini ilitolewa tena Desemba 2017. Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alionya kwamba kumwapisha kiongozi wa upinzani Raila Odinga kuwa "rais wa wananchi" ni uhaini wenye adhabu ya kifo. Januari 30, 2018 Raila aliapa Uhuru Park mchana kweupe, mbele ya umati. Hakushtakiwa. Wiki mbili baadaye aliyeondoka ofisini ni Muigai, aliyejiuzulu, na Machi Raila na Rais Uhuru Kenyatta wakapeana mkono kwenye ngazi za Harambee House.

Wajua ni Mwanasheria Mkuu aliyewaelekeza wakoloni namna ya kupiga watu? Juni 1957 Eric Griffith-Jones, mwenye cheo hicho Kenya, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu wafungwa wa Mau Mau katika kambi za Mwea. Alifafanua sehemu za mwili zisizofaa kupigwa: wengu, ini, figo. Mpigaji naye, aliandika, awe mtulivu asiye na hasira. Na akaongeza kuwa kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Karatasi hizo zilikaa mafichoni Uingereza zaidi ya nusu karne, zikafichuliwa wakati wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Ukimya ulioshauriwa na mwanasheria ndio uliowapa ushahidi.

Je, wajua Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Tanganyika huru alikuwa Mwingereza? Roland Brown alimshauri Mwalimu Nyerere hata kabla ya uhuru, akabaki na kiti hadi 1965 alipompisha Mark Bomani, Mtanzania wa kwanza kukikalia. Katikati hapo kuna kisa ambacho Wazanzibari hawajakimaliza kukijadili. Aprili 1964 Mwalimu alimwagiza Brown aandike Hati za Muungano kwa siri. Upande wa pili wa bahari Zanzibar ilikuwa na Mwanasheria Mkuu wake, Wolfgang Dourado, ambaye kwa kawaida ndiye angezisoma hati zile mstari kwa mstari. Dourado alisimulia kwamba alipewa likizo ya wiki moja. Aliyeitwa kumshauri Rais wa Zanzibar, Mzee Karume, ni wakili kutoka Uganda, Dan Nabudere. Hati zikatiwa saini Aprili 22, na siku nne baadaye nchi ikawa moja. Mambo yakitaka kupita haraka, mwanasheria hupelekwa likizo.

Yaliyomkuta Dourado hayakuishia hapo. Miaka ya 1980 alitetea hadharani muundo wa serikali tatu, akawekwa kizuizini.

Na mwaka 1984? Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, alitaka mgogoro wa Muungano uamuliwe na Mahakama Maalumu ya Katiba, ile ambayo nusu ya wajumbe wake huteuliwa na Serikali ya Muungano na nusu na Zanzibar, na ambayo hukutana tu pakiwa na mgogoro. Aliyemwandalia hoja za kisheria alikuwa Mwanasheria Mkuu wake, Bashir Swanzy, raia wa Ghana. Waraka ukavuja kabla haujafika popote. Kikao cha chama tawala kikaketi Dodoma, Jumbe akajiuzulu nyadhifa zake zote Januari 1984, na Swanzy akaondoshwa nchini.

Haya, sogea mbele miaka 30. Bunge Maalumu la Katiba, Dodoma, 2014. Wajumbe wanaipigia kura Katiba Inayopendekezwa, ibara kwa ibara. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alikuwa na ruhusa ya kupiga kura ya siri. Akachagua ya wazi. Akazitaja ibara asizozikubali na kusema "hapana", kelele zikiwa zimejaa ukumbini, hata ikabidi atolewe kwa ulinzi. Siku chache baadaye Rais Ali Mohamed Shein alitengua uteuzi wake. Machi 2021, baada ya kifo cha Maalim Seif, Othman alirudi serikalini kurithi cheo chake cha Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar.

Wajua kwamba Mwanasheria Mkuu wa Tanzania huingia Baraza la Mawaziri lakini hapigi kura? Katiba ya 1977 inampa haki zote za mjumbe isipokuwa hiyo. Bungeni ni kinyume: ni mbunge kutokana na wadhifa wake, bila jimbo, bila kampeni, bila mpiga kura wa kumdai barabara. Kupata cheo anatakiwa awe amekuwa na sifa za uwakili kwa miaka isiyopungua 15. Kukipoteza hakuna sharti lolote: Rais akifuta uteuzi, basi.

Kenya walionja hilo 1986, Bunge lilipoondoa ulinzi wa ajira ya Mwanasheria Mkuu. Ulirudishwa 1990. Mwaka uliofuata akaingia Amos Wako na tabasamu lake, akakaa miaka 20.

Kiti cha bungeni nacho kina hatari zake. Mwaka 2014 Mwanasheria Mkuu wa Tanzania, Jaji Frederick Werema, alimrushia mbunge David Kafulila methali ya tumbili asiyeweza kuamua mambo ya msituni, naye Kafulila akamjibu kwa kumwita mwizi. Mada ilikuwa akaunti ya Escrow ya Tegeta na zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka humo. Desemba Werema alijiuzulu, akieleza kuwa ushauri wake haukueleweka na umechafua hali ya hewa. Katika barua zote za kujiuzulu nilizowahi kuzisikia zikisomwa redioni, hiyo ndiyo iliyozungumza kwa lugha ya watabiri wa mvua.

Je, wajua siku hizi Mwanasheria Mkuu wa Kenya hawezi kukufungulia kesi ya jinai? Katiba ya 2010 ilimpa kazi hiyo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anayejitegemea, pamoja na uwezo wa kufuta mashtaka, ambao sasa unahitaji ruhusa ya mahakama. Zamani karatasi moja ya nolle, yaani ya kufuta mashtaka, kutoka ofisi ya AG ilitosha. Mei 2005 ilitosha kufuta kesi ya mauaji dhidi ya Thomas Cholmondeley, mrithi wa Lord Delamere, baada ya askari wa wanyamapori Samson ole Sisina kupigwa risasi, na Wamaasai wakaandamana. Tanzania ilimtenganisha mwendesha mashtaka kamili 2018, ilipoanzishwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, sambamba na ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali anayeshughulikia kesi za madai.

Godfrey Binaisa wa Uganda anastahili aya yake. Akiwa Mwanasheria Mkuu wa Milton Obote aliiambia mahakama, katika kesi ya Matovu, chifu wa Buganda aliyekuwa kizuizini, kwamba katiba iliyopinduliwa 1966 imekufa kihalali, kwa kuwa mapinduzi yakifaulu huzaa sheria yake. Majaji wakakubali. Mwaka 1979 Binaisa akawa Rais. Mei 1980 wanajeshi wakampindua, na mapinduzi yakafaulu.

Wengine waliopanda kutoka kiti hiki: Joseph Warioba akawa Waziri Mkuu 1985, George Masaju Jaji Mkuu wa Tanzania 2025. Kenya ilisubiri hadi Agosti 2024 kupata mwanamke wa kwanza, Dorcas Oduor. Aliyekuwepo kabla yake, Justin Muturi, alisimulia hadharani Januari 2025 kwamba mwanawe alipotekwa wakati wa maandamano ya Juni 2024, yeye akiwa ndiye mshauri mkuu wa sheria wa serikali, hakupata msaada kwa njia za kawaida mpaka alipokwenda Ikulu.

Na la mwisho, la kukuhusu wewe mwenye shamba Tanzania. Tangu sheria ilipobadilishwa 2020, ukitaka kuishtaki halmashauri, wakala au shirika la umma, hata kwa kipande cha ardhi nyuma ya zahanati, unatoa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, halafu unafungua kesi Mahakama Kuu na kumuunganisha yeye kuwa mdaiwa. Hajawahi kukanyaga kijijini kwenu na mpaka wa shamba haujui. Usipomuunganisha, kesi inabatilika, hata kama hati unayo mkononi.