Skrini Ikikataa Kuwaka, Fuata Waya Kwanza

Baada ya Idi harusi hufululiza, na vijana wetu wanaopiga video hukesha wakihariri. Juzi, baada ya swala ya Isha, mmoja wao alinifuata nje ya msikiti. "Ami, skrini imekuwa nyeusi. Fundi asema kadi ya picha imeungua, ataka elfu 15. Na wenye harusi washanilipa nusu, wangoja video yao."

Nikaenda kwake. Kadi ilikuwa nzima. Alikuwa amehamisha meza, na alipozirudisha nyaya alichomeka ya skrini kwenye tundu silo.

Kompyuta ya mezani iliyotiwa kadi ya picha mara nyingi huwa na matundu ya HDMI pande mbili. La juu, karibu na matundu ya USB, ni la ubao mkuu. Ya chini, yaliyolala, ni ya kadi. Skrini huchomekwa chini. Ukiichomeka juu, yaweza kubaki nyeusi kabisa, au ikawaka huku kadi uliyoinunua kwa maelfu imekaa bure.

Wenye laptopu wana mtihani mwingine: lile tundu dogo la USB-C. Matundu hayo hufanana kama mapacha, lakini si yote yanayopitisha picha. Tafuta pembeni yake alama ya radi au herufi D na P zilizounganishwa, kisha usome maelezo ya modeli yako. Hata tundu likiwa sawa, waya uliokuja na chaja ya simu mara nyingi hupitisha umeme na data kidogo tu. Vyote vikiwa sawa na bado kimya, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kutanua picha kwenye skrini mbili. Hakikisha pia skrini yenyewe imewekwa kwenye tundu ulilotumia, maana wengi husahau hilo.

Mwenye skrini ya 4K akiona mshale wa mausi unarukaruka, asikimbilie kulaumu kompyuta. HDMI 1.4 hutoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Kupata 60 wahitaji HDMI 2.0, na si kwenye waya pekee: kompyuta na skrini pia ziwe zinaikubali.

Lakini linalowapotezea vijana pesa zaidi, kwa nionavyo mimi, ni diski ya nje. Video inakwamakwama, kijana anaambiwa aongeze RAM. Ukiangalia, diski imechomekwa kwenye USB 2.0, yenye mwisho wa megabiti 480 kwa sekunde. USB 3.0 hufika gigabiti 5, zaidi ya mara kumi. Tundu lake mara nyingi huwa na ulimi wa buluu ndani. Lakini tundu la buluu halisaidii ukitumia waya wa USB 2.0, kwa hivyo tumia ule uliokuja na diski.

Na usiing'oe diski kabla hujaiambia kompyuta iiachilie. Faili zikiharibika, bibi harusi hawezi kutolewa nje mara ya pili.

Yule kijana tulimhamishia waya, skrini ikawaka pale pale. Fundi bado anampigia simu kuuliza kama ile elfu 15 imepatikana.