Uvimbe wa kwapani: stara isiwe pazia la maradhi

Baada ya darasa la kina mama hapa Kolandoto, mama mmoja alibaki nyuma akamwomba ustadhati amsomee dua. Kwa miezi mitano alikuwa ameficha uvimbe kwapani, usiouma wala kupungua. Alikwishafunga majani na kuchanjwa chale. Alipoulizwa kwa nini hakwenda hospitali, alijibu: “Nitamfunuliaje mwanamume kifua changu?” Kwa idhini yake nasimulia kisa hiki, jina nikilisitiri.

Kwapani Mwenyezi Mungu ameweka tezi zinazochuja vijidudu na uchafu utokao mkononi, kwenye titi na kifuani. Mtu akijikata kwa jembe au akipata kidonda kidoleni, tezi huvimba na kuuma. Huo ndio mtoki, nao hupungua kidonda kinapopona. Wembe butu au wa kuazimana nao huweza kuleta majipu. Jipu likandwe kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu. Lisiminywe wala kupasuliwa nyumbani. Mtoto mchanga naye huweza kuvimba kwapa la mkono uliochanjwa chanjo ya kifua kikuu. Mama ampeleke kliniki akaangaliwe, wala asimpake dawa za kubahatisha.

Upo uvimbe mwingine usiofaa kusubiriwa. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu, bali hushambulia tezi pia. Virusi vya UKIMWI huvimbisha tezi. Saratani ya titi nayo mara nyingi huanza kusambaa kupitia tezi za kwapani, na wanaume pia huipata, ingawa kwa nadra. Kwa hiyo uvimbe uliodumu zaidi ya wiki mbili, ulio mgumu, unaokua, au unaoambatana na homa, jasho la usiku, kukonda au mabadiliko ya titi, uonwe na daktari. Kutouma si dalili ya usalama.

Je, stara? Wanazuoni wameeleza kwamba haja ya tiba huruhusu kufunuliwa kile kinachohitajika tu. Mwanamke atangulize tabibu mwanamke. Asipopatikana, atibiwe na mwanamume, mahramu wake au mwanamke mwingine akiwepo. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, akatufahamisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Dua na tiba havigombani.

Mama yule alisindikizwa hospitali na dada yake. Alichomwa sindano nyembamba, zikachukuliwa chembe za uvimbe na kupimwa. Alikuwa akihofia saratani. Kilichoonekana ni kifua kikuu cha tezi. Ndipo wauguzi walipouliza habari za watu wa nyumbani. Mumewe, anayesaga mawe ya dhahabu kwenye karasha huko Mwakitolyo, alikuwa akikohoa kwa muda mrefu na kusingizia vumbi. Vumbi la mawe hudhoofisha mapafu na kuyafungulia kifua kikuu mlango. Alipopimwa, naye alikutwa nacho, tena mapafuni, mahali ambapo huambukiza wengine kwa njia ya hewa. Uvimbe uliofichwa chini ya kanga ulikuwa umeficha hatari ya nyumba nzima.

Leo wote wawili wanameza dawa, ambazo nchini mwetu hutolewa bure, kwa muda wa miezi sita bila kukatisha. Watoto wao wamepimwa na kupewa dawa za kinga.

Ndugu Waislamu, sunna ya kuondoa nywele za kwapani, ambayo tumewekewa tusiipitishe siku arubaini, ni wasaa mzuri wa kujipapasa. Ukigusa kitu usichokijua, mwambie mwenzi wako na uende hospitali. Anayehitaji rufaa, Bugando kule Mwanza kuna matibabu ya saratani. Na mwanamke anayeona haya kwenda peke yake amwone ustadhati. Kamati ya msikiti imekubali kumtafutia mama wa kumsindikiza, na siri yake itahifadhiwa.

Wabillahi tawfiiq.