Kinachomaliza Betri ni Kusikiliza

"Injinia, ninunue betri gani kubwa zaidi?" Anayeuliza ametega vihisi vya unyevu shambani au vya kina cha maji matangini, na betri zimekata wiki haijaisha. Jibu langu ni lile lile: usinunue kitu.

Wengi wanaamini betri huliwa wakati wa kutuma data. Basi aliyekuwa akituma kila dakika tano anahamia mara moja kwa saa, anangoja nafuu, na nafuu haiji. Haiwezi kuja. Chukua chipu ya CC2420, iliyotumika sana katika vihisi vya utafiti. Ikituma kwa nguvu zake zote inavuta miliampia 17.4. Ikitega sikio tu, hewani kukiwa kimya, inavuta 18.8. Kutuma ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kusikiliza, usipoizima redio, ni saa 24. Betri mbili za AA za miliampia-saa 2,500 hazimalizi siku sita hapo. Ongeza jozi nyingine, utafika siku 11. Ni kuanika betri za tochi juani: faraja, si tiba. Redio hiyo ikikesha asilimia moja tu ya muda, jozi ile ile ya kwanza inaweza kupita mwaka.

"Lakini redio ya LoRa ikituma inavuta zaidi kuliko ikisikiliza!" Kweli. Piga hesabu: katika saa moja, sekunde moja ya kutuma haifui dafu mbele ya sekunde 3,599 za kusikiliza.

Na pawabenki tuiache. Nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno, na kihisi kilicholala ndio mzigo huo.

Ya kufanya ni haya. Redio iamke kwa ratiba, itume, isubiri jibu kidogo, ilale. Kwenye mtandao wa LoRaWAN chagua daraja A, linalosikiliza kidogo baada ya kutuma tu, si C linalosikiliza muda wote. Vihisi vinavyopokezana data vilinganishe saa, viamke pamoja. Tuma kilichobadilika tu. Sogeza kipokezi karibu ili LoRa itume kwa kasi kubwa: ujumbe wa SF12, kasi ndogo kabisa, hukaa hewani zaidi ya mara 20 ya ule wa SF7. Ng'oa taa ya LED inayowaka muda wote. Ondoa kidhibiti volti cha AMS1117, kinachokula takriban miliampia tano usiku na mchana bila kazi yoyote.

Kabla ya kwenda dukani, pitisha mkondo wa betri kwenye maltimita kihisi kikiwa kimelala. Ukisoma miliampia badala ya mikroampia, betri haina kosa.